Alikubali makosa akidhani ni faini, sasa amefungwa miaka 7: rufaa ipo?

Swali: "Asalam aleikum wakili. Mdogo wangu ni dereva, ana miaka 27. Mwezi uliopita, usiku kama saa saba, alikuwa anarudi nyumbani na gari la bosi wake kwa barabara ya Malindi, upande wa Bamburi, akamgonga kijana wa bodaboda na yule kijana akafariki. Ukweli alikuwa amekunywa, na hakusimama, aliogopa watu wamchome na gari. Polisi wakamfuata nyumbani saa kumi alfajiri wakamkuta amelala. Hawakumpima na alkoblo, ile mashine ya kupima pombe kwa pumzi, wala damu. Huko seli akaambiwa akubali tu mambo yaishe, atapigwa faini. Kortini akasema ni kweli, makosa yote matatu. Alipoulizwa kama ana la kusema akaomba msamaha, ila akasema yule kijana alitoka barabara ya ndani bila taa na hakuwa na pa kumkwepea. Wiki moja baadaye akafungwa miaka 5 kwa kusababisha kifo na miaka 2 kwa ulevi, hakimu akasema vifungo vifuatane, na la kukimbia faini, tushalipa. Hatukuwa na wakili. Tulikaa na familia ya marehemu mbele ya wazee, tukawapa pesa za mazishi, wakasema wamesamehe. Leo ni siku ya 11. Mmoja anatwambia tukikata rufaa anatoka kesho yake kwa bondi, mwengine anasema tukijaribu ataongezwa miaka, mwengine anasema bila alkoblo kesi haina miguu. Tufanye nini? Mama hali."

Waaleikum salaam dada yangu. Pole kwa yaliyowafika, na pole pia kwa mama wa yule kijana wa boda, manake hapa kuna mama wawili wasiokula na mmoja wao hana hata jela ya kwenda kumtembelea mwanawe.

Kwanza siku, mengine baadaye. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai, ile sura ya 75, kifungu cha 349, inampa mtu siku 14 tangu kuhukumiwa apeleke rufaa Mahakama Kuu. Wewe umeandika siku ya 11, kwa hivo mko na siku tatu tu na ndo nikaona nikujibu leo leo. Watu wengi wanazipoteza hizi siku wakingoja kopi ya prosidingi, yaani yale maandishi ya kesi yote toka siku ya kwanza mpaka hukumu, wakidhani bila hayo hawawezi kufaili chochote. Mnaweza. Petisheni ya rufaa ni karatasi moja au mbili, inataja mkata rufaa ni nani, kesi namba ngapi, korti gani, alihukumiwa nini lini, na sababu za kutoridhika, na zile sababu mtaziongeza baadaye kwa ruhusa ya korti prosidingi zikishatoka. Na kwa vile yuko ndani kuna njia fupi zaidi: kifungu cha 351 kinamruhusu mfungwa amkabidhi mkuu wa jela petisheni yake, halafu ni kazi ya jela kuifikisha kortini. Jela kubwa huwa na ofisi ya karatasi za rufaa, na kuna wafungwa wenyewe waliofunzwa usaidizi wa kisheria wanaoandika hizo petisheni kila siku, wengine wanaziandika vizuri kushinda mawakili ninaowajua.

Zikipita siku 14 mlango haufungwi kabisa, kifungu hicho hicho kinampa jaji uwezo wa kuipokea rufaa iliyochelewa kukiwa na sababu nzuri, na kucheleweshewa prosidingi ni mojawapo. Lakini hapo mtakuwa mnaomba hisani, saa hii bado ni haki yenu.

Sasa nije kwa lile ambalo naona hamjaambiwa na hao washauri wote watatu. Wanabishana kuhusu pombe, na rufaa hii haitaamuliwa na pombe. Itaamuliwa na ukurasa mmoja, ule alioandika hakimu siku nduguyo aliposomewa mashtaka.

Wengi wanafikiri rufaa ni kesi kuanza upya mbele ya mkubwa zaidi, kwamba jaji atamuita, atamsikiliza, atamuonea huruma. Sivyo. Jaji anasoma karatasi. Kwa kesi iliyosikizwa mpaka mwisho anasoma ushahidi wote na anatakiwa aupime upya mwenyewe, hiyo ni sheria tangu kesi ya Okeno ya 1972, akikumbuka kwamba yeye hakuwaona mashahidi wakiongea. Lakini kwa nduguyo hakuna ushahidi wa kupima. Hakuna shahidi aliyekula kiapo, hakuna polisi aliyeulizwa maswali, hakuna daktari. Alisalimu amri mlangoni. Na kifungu cha 348 kinasema aliyekubali kosa mbele ya hakimu hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, anaweza kulalamikia tu ukubwa wa adhabu au uhalali wake.

Ukiisoma hivyo unaona basi tena. Ila mahakama zetu zimesema miaka mingi kwamba kukubali kosa lazima kuwe kukubali kweli kweli, kusiwe na "ndio lakini". Kesi inayotajwa kila siku ni ya Adan, ya 1973. Ilipanga hatua na hakimu anatakiwa azifuate moja baada ya nyingine: mshtakiwa asomewe shtaka na aelezwe kila kiungo cha kosa, yaani kila jambo linalolifanya liwe kosa, kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe, na ikiwezekana kwa maneno yake mwenyewe. Halafu prosekuta, yaani wakili wa upande wa mashtaka, asimame aeleze mambo yalivyotokea. Halafu mshtakiwa aulizwe, haya yaliyosemwa ni kweli, una la kupinga au kuongeza? Na akisema kitu chochote kinachotia shaka kama kweli ana hatia, hakimu aache hapo hapo, aandike kwamba amekataa kosa, kesi iende kwa mashahidi.

Nikueleze huo ukurasa ulivyo ili ukiupata ujue unatafuta nini. Juu kabisa kuna tarehe, jina la hakimu, prosekuta, karani wa korti, na mstari wa ukalimani, mara nyingi unasema Kiingereza kwa Kiswahili. Chini yake hakimu anaandika kwamba shtaka na viungo vyake limesomwa na kuelezwa kwa mshtakiwa kwa lugha anayoielewa, naye anajibu. Hapo utaona maneno mawili matatu tu, kama "ni kweli", mara moja kwa kila kosa. Nduguyo alikuwa na makosa matatu kwa hivo tunataka kuona majibu matatu, tena kila moja peke yake. Kisha maelezo ya prosekuta, pengine nusu ukurasa, pengine mistari minne. Kisha jibu la mshtakiwa kwa yale maelezo. Kisha hakimu anamtia hatiani. Kisha mitigesheni, yaani yale maneno ya kuomba apunguziwe.

Na hapo kwenye mitigesheni ndipo pana lile neno lako. Alisema kijana alitoka barabara ya ndani bila taa na yeye hakuwa na pa kumkwepea. Soma tena dada, huyo mtu hakubali kwamba aliendesha kwa hatari, huyo anasema ajali haikuwa kosa lake. Amekubali kwa mdomo mmoja na amekataa kwa mdomo huo huo. Hakimu akisikia hivyo kabla hajatoa adhabu bado ana uwezo wa kulibadilisha jibu liwe la kukataa, na kama maneno yale yameandikwa na hakimu akaendelea tu na hukumu, hiyo ndo sababu yenu ya kwanza, tena ni nzito. Sikuahidi kitu, kuna majaji watasema nduguyo alikuwa anajitetea tu apunguziwe na si kupinga kosa, nimewahi kuambiwa hivyo usoni. Na kama hakimu hakuyaandika mambo yanakuwa magumu, kwa sababu jaji anaamini rekodi ya korti kuliko kumbukumbu zetu. Hapo tutabaki na kiapo cha nduguyo na cha yeyote aliyekuwa amekaa kwenye benchi siku ile akayasikia. Ulikuwepo wewe? Kama ulikuwepo andika leo, kabla hujasahau, alisema nini na saa ngapi.

Kuna kitu cha pili ndani ya ukurasa huo huo ambacho hata mawakili tunakipita. Yale maelezo ya prosekuta lazima yawe na kosa ndani yake. Mshtakiwa akikubali maelezo ambayo hayajengi kosa, amekubali hewa.

Chukua lile la kusababisha kifo, kifungu cha 46 cha sheria ya trafiki, sura ya 403, ambalo mwisho wake ni kifungo cha miaka 10 na kunyang'anywa leseni miaka mitatu. Kosa hilo si "aligonga, mtu akafa". Kosa ni kwamba aliendesha ovyo, au kwa kasi au namna iliyokuwa hatari kwa watu, na uendeshaji huo ndo ulioleta kifo. Mahakama katika kesi ya Atito ya 1975 ilisema haitoshi hali kuwa ya hatari, lazima dereva awe na kosa fulani lililoleta ile hatari. Kwa hivo maelezo yaseme alifanya nini: alikuwa upande usio wake, alipita gari lingine kwenye kona, alikuwa anayumba, alikuwa anakwenda mbio kiasi gani. Maelezo yakisema tu kwamba gari namba fulani lilimgonga marehemu akafariki papo hapo na dereva akatoroka, hayo yanaonyesha msiba na yanaonyesha kutoroka, lakini jinsi alivyokuwa akiendesha sekunde tano kabla hayaonyeshi kitu. Watu wanachanganya hapa, hata polisi: aliyekimbia basi ndiye mkosaji. Kukimbia ni kosa lake mwenyewe, kifungu cha 73, dereva asimame, atoe jina na anwani, na aripoti polisi haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Na kunaweza kutumika kama dalili ya kujiona na hatia. Lakini hakujazi pengo la namna ya kuendesha.

Hilo la kuogopa kuchomwa nalisikia na siliiti uongo, sote tumeona kinachotokea mtu wa boda akigongwa. Ila anayeogopa umati anaendesha gari moja kwa moja mpaka kituo cha polisi, haendi kulala. Msilitegemee.

Sasa pombe. Huyo aliyekwambia bila alkoblo kesi haina miguu amesikia nusu. Ni kweli mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilizitupa zile kanuni za alkoblo zilizokuwa zinafanya kuzidisha kipimo tu kuwe kosa, ikasema mtu ashtakiwe kwa kifungu cha 44 cha sheria yenyewe ya trafiki. Na kifungu cha 44 hakitaji namba ya kipimo, kinasema mtu awe chini ya ulevi kiasi cha kutoweza kulidhibiti gari sawasawa. Hiyo inakata pande zote mbili. Polisi wanaweza kumtia mtu hatiani bila mashine, kwa ushahidi wa macho: alikuwa anapepesuka, ulimi mzito, macho mekundu, gari lilikuwa linatoka nje ya lami. Na upande mwengine, kunuka pombe peke yake hakumaanishi hawezi kuendesha.

Na kwenu kuna lile pengo la saa tatu. Ajali saa saba, amekamatwa saa kumi. Mwili unaichoma pombe polepole, kwa mtu wa kawaida ni kama miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu kwa kila saa, kwa hivo hata wangempima ile alfajiri wangelazimika kurudi nyuma kwa hesabu kujua hali yake saa saba, na wangelazimika kumuuliza kama alifika nyumbani akaongeza chupa nyingine kutuliza roho. Hawakufanya chochote katika hayo. Kwa hivo nadhani maelezo ya prosekuta juu ya ulevi yatakuwa mafupi, kitu kama "alikutwa ananuka pombe". Ikiwa ndivyo, ile miaka 2 iko kwenye mguu mbovu zaidi kuliko ile 5. Lakini umeona? Sisemi "hakupimwa kwa hivo aachiliwe". Nasema angalia kilichosomwa kortini kama kinalibeba shtaka. Hayo ni maswali mawili tofauti na jaji atajibu la pili tu.

Lile la seli, kuambiwa akubali atapigwa faini, ni zito kama linathibitika, kwa sababu kukubali kwa ahadi ya uongo au kwa vitisho si kukubali. Shida ni kuthibitisha. Hakuna aliyeandika. Atakula kiapo aseme, prosekuta atasema hizo ni ndoto za baada ya hukumu, na mara nyingi jaji anamwamini prosekuta. Liwekeni lakini lisiwe la kwanza. Afadhali zaidi ni lile la kutokuwa na wakili: katiba, ibara ya 50, inasema mshtakiwa aambiwe mapema kwamba ana haki ya kuwa na wakili. Kama rekodi haionyeshi aliambiwa, liandikeni, linaipa nguvu ile sababu ya kwanza.

Haya, tuseme mmeshinda, jaji amesema kukubali kule hakukuwa halali. Nini kinafuata? Hapa ndo familia nyingi zinaniangalia kama nimewatapeli. Mara nyingi hatoki kwenda nyumbani, anarudishwa kwa hakimu mwengine kesi ianze upya. Mahakama zinafuata kesi ya Fatehali Manji ya 1966, kwamba kama kesi ya kwanza ilikuwa na kasoro kubwa inaweza kurudiwa, mradi isiwe ni kuwapa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba matobo yao na haki itendeke kwa wote. Kwenu miezi miwili haijafika, mashahidi bado wapo, mtu amekufa. Mimi ningekuwa jaji ningeirudisha. Na ikirudi mashahidi watakuja kweli, pengine mwenye kibanda cha pembeni, pengine dereva wa matatu aliyekuwa nyuma, mkaguzi wa magari na ripoti yake, na nduguyo anaweza kutiwa hatiani tena mbele ya hakimu ambaye sasa amesikia kila kitu, pamoja na mama wa marehemu akilia. Faida ni kwamba atakuwa mshtakiwa tena, si mfungwa, kwa hivo ana haki ya kuomba dhamana kama mtu mwengine yeyote, na atapigana akiwa na wakili. Swali la kumuuliza nduguyo faraghani, bila mama, ni hili: yule boda kweli alitoka bila taa? Kuna mtu mwengine aliyeona? Manake kama ni maneno ya kutafuta huruma tu, kesi mpya itamzika.

Njia ya pili ni kuacha hatia ilivyo na kupigania adhabu peke yake. Jaji haingilii adhabu ya hakimu kwa sababu tu yeye angetoa ndogo, anaingilia kama hakimu alifuata kanuni isiyo sahihi, au alisahau jambo la maana, au adhabu imezidi mno. Kusema haki, miaka 5 kwa kifo, na pombe, na kukimbia, wakati mwisho wa sheria ni 10, hainishtui, na sidhani itamshtua jaji. Kinachonishtua ni ile "vifuatane". Makosa yaliyofanyika kwa tendo moja, wakati mmoja, kawaida vifungo vyake vinakwenda pamoja, na kuendesha akiwa amelewa na kugonga ni safari ile ile, dakika ile ile. Kama hakimu hakuandika sababu ya kuvifuatanisha, hapo mna hoja safi. Piga hesabu: mfungwa mwenye tabia nzuri anasamehewa theluthi moja, kwa hivo 7 inakuwa miaka minne na miezi minane, na 5 inakuwa mitatu na miezi minne. Neno moja la jaji lina thamani ya mwaka mmoja na miezi minne ya maisha ya kijana wa miaka 27. Halafu kuna siku alizokaa mahabusu kabla ya hukumu, kifungu cha 333 cha ile sura ya 75 kinataka zihesabiwe. Kwenu ni wiki na kitu, chache, lakini ziombeni.

Na hapa kwenye adhabu ndo pesa za mazishi na kile kikao cha wazee vinapata kazi. Havifuti kesi. Kesi ni ya Jamhuri, si ya familia, na sheria inayoruhusu watu kupatanishwa na kesi ikafungwa haigusi makosa makubwa kama haya. Lakini barua ya familia ya marehemu kwamba walilipwa na wamesamehe, iliyosainiwa mbele ya chifu au wakili, ni kitu jaji anakiangalia. Je, hakimu aliiona? Kama hamkuwa nayo siku ile, itafuteni sasa, na nendeni kwa heshima, msiende kama watu wanaodai risiti. Maana msamaha ule ni wao.

Bondi. Aliyewaambia anatoka kesho yake amewadanganya, au anataka pesa. Kabla ya hukumu dhamana ni haki. Baada ya hukumu nduguyo si mtu anayedhaniwa hana hatia tena, kwa hivo mzigo ni wake. Kifungu cha 357 kinaruhusu kuomba, na kipimo ni cha kesi ya Jivraj Shah ya 1986: onyesha kwamba rufaa ina nafasi kubwa mno ya kufaulu, au kuna hali isiyo ya kawaida, kwa mfano kifungo ni kifupi hivi kwamba rufaa ikija kusikizwa mtu ashakimaliza. Miaka 7 si kifungo kifupi. Kwa hivo yote inarudi kwa ule ukurasa wa kukubali kosa, kama uko vibaya waziwazi basi ombeni, kama una mashaka tumieni pesa hizo kwa rufaa yenyewe.

Kuongezwa miaka kunawezekana, kifungu cha 354 kinampa jaji uwezo huo. Haliji ghafla tu lakini, kwa kawaida upande wa mashtaka unatoa notisi na jaji anamuonya mkata rufaa mapema ili aamue kama anaendelea au anaiondoa rufaa. Hatari ipo zaidi mkilalamikia ile miaka 5 yenyewe kwamba ni mingi, kwa sababu mnamkaribisha jaji aitazame upya pamoja na ulevi na kukimbia. Kwa hiyo ningepeleka petisheni yenye sababu zote, kukubali kosa kwanza, vifungo kufuatana pili, halafu prosidingi zikitoka mkae na wakili muamue kubaki na ipi. Mwengine atawaambia mwandikie jaji barua ya revishoni, yaani kumuomba aitazame hukumu bila rufaa, ni rahisi haina gharama. Kifungu cha 364 kinasema aliyekuwa na nafasi ya kukata rufaa asipoikata, hasikizwi kwa njia hiyo. Na msiseme tutajazia Mahakama ya Rufaa huko juu, kule ni hoja za sheria tu, ukubwa wa kifungo hawaugusi.

Jambo dogo kuhusu bosi mwenye gari. Hatia hii ikishasimama, yaani siku za rufaa zikipita au rufaa ikaanguka, familia ya marehemu inaweza kuitumia kwenye kesi ya madai kama ushahidi usiopingika kwamba dereva alikosa. Bosi na bima yake wanalijua hilo, ndo maana wakati mwengine bosi anajitolea kulipa wakili. Si vibaya kuchukua, ila wakili huyo awe wa nduguyo, si wa bima.

Hapa ndo mwisho wa ninachoweza kukusaidia kwa maandishi. Bila kuona faili siwezi kukwambia mna kesi ya asilimia ngapi, na atakayekupa asilimia bila kuliona mkimbie, na atakayesema anamjua jaji mkimbie zaidi. Tafuteni wakili wa jinai wa hapo Mombasa, hakikisheni leseni yake ya mwaka huu iko hai. Kama pesa hakuna, kuna huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016, na kuna Kituo cha Sheria.

Kesho asubuhi gawaneni. Mmoja aende korti ya hakimu na namba ya kesi, aandike barua ya kuomba prosidingi na hukumu zilizothibitishwa, na arudi na kopi ya barua yenye muhuri na tarehe, huo muhuri ndo utawaokoa mkichelewa. Wewe nenda jela, na kitambulisho chako, karatasi ya mashtaka, risiti ya ile faini. Mwambie nduguyo aombe fomu ya rufaa kwa ofisi siku hiyo hiyo, aandike kwamba maneno yake ya kutokukubali yalipuuzwa, kwamba maelezo yaliyosomwa hayakuonyesha makosa, kwamba vifungo vilifuatanishwa bila sababu, aweke saini au kidole gumba. Na usitoke getini kabla hujauliza jina la afisa aliyeipokea na kuona tarehe aliyoiandika juu yake.